"Mañana" ni kesho au ni asubuhi? Neno moja la Kihispania linaloweza kukukosesha kazi

Chukulia wewe ni dereva wa watalii pale Arusha. Usiku unapokea meseji kutoka kwa mgeni wako wa Madrid: "Nos vemos mañana a las seis." Unaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, jibu linakuja: "Tutaonana kesho saa sita." Poa kabisa. Unalala, unaamka, unaosha gari taratibu, na saa sita mchana uko mlangoni mwa hoteli.

Kumbe mgeni alikuwa amesimama hapo tangu saa 12 alfajiri. Amesubiri wee, amekasirika, ameondoka na gari la mtu mwingine. Hela ya siku imeyeyuka, na maoni mabaya kuhusu wewe yanakaribia kupandishwa mtandaoni.

Huo ni mfano tu, lakini mtego uliomo ndani yake upo kweli. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ikiwa hapa hapa Afrika: Guinea ya Ikweta. Vijana wengi wanajifunza kwa ajili ya utalii, masomo, kazi za mtandaoni, au kwa sababu tu wameangalia tamthilia za Kimexico hadi lugha ikaanza kuingia. Na karibu kila anayeanza anagongana na neno hili mapema: mañana.

Hapa tumekuwekea maana zake zote, jinsi ya kuzitofautisha, na mitego ya saa inayomhusu hasa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili.

KWA UFUPI

- Mañana likiwa peke yake, bila kineno mbele yake, mara nyingi ni kesho.
- La mañana ni asubuhi.
- El mañana ni kesho kwa maana ya maisha ya mbeleni.
- Linatamkwa "manyana", mkazo ukiwa kwenye "nya".

Maana ya kwanza: Kesho

Hii ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi. Neno linakaa lenyewe, kama "kesho" inavyokaa kwenye Kiswahili.

- Te llamo mañana. Nitakupigia kesho.
- Mañana no trabajo. Kesho siendi kazini.
- Hasta mañana. Tuonane kesho. (Ndiyo wanavyoagana wakitoka kazini.)
- A partir de mañana. Kuanzia kesho.
- Es para mañana. Inatakiwa kesho.

Ukitaka kusema keshokutwa, ni pasado mañana. Hapa kuwa makini. Kwingine neno "pasado" linahusu kilichopita: la semana pasada ni wiki iliyopita. Kwa hiyo unakuta mtu anadhani pasado mañana ni siku ambayo imeshapita. Hapana. Maana yake ni "kesho ikishapita", yaani keshokutwa.

Baada ya hapo Kihispania kinaishiwa, sisi bado tunaendelea. Tuna mtondo kwa siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo kwa inayofuata hiyo. Mhispania inabidi ahesabu: dentro de tres días, yaani baada ya siku tatu.

Maana ya pili: Asubuhi

Kihispania kina ngeli mbili tu za nomino, ya kike na ya kiume. Kineno kinachotangulia nomino ndicho kinachokuonyesha ngeli: "la" kwa kike, "el" kwa kiume. Asubuhi ni ya kike, kwa hiyo inakuwa la mañana.

- Por la mañana. Asubuhi, wakati wa asubuhi.
- Esta mañana. Leo asubuhi.
- Todas las mañanas. Kila siku asubuhi.
- Ayer por la mañana. Jana asubuhi.
- El lunes por la mañana. Jumatatu asubuhi.

Umeona mchezo? Kila mahali ambapo maana ni asubuhi, kuna kineno kinachotangulia: la, las, esta, una. Hicho ndicho cha kutafuta kwanza kabla hata ya kusoma sentensi nzima.

Linganisha hizi mbili kisha hutasahau tena:

- El partido de mañana. Mechi ya kesho.
- El partido de la mañana. Mechi ya asubuhi.

Tofauti ni silabi moja tu, "la". Lakini ukiiruka, unaweza kufika uwanjani siku ambayo hakuna mtu.

Kanuni hii ina visa vichache vya kando. Muy de mañana ni asubuhi na mapema ingawa haina "la". Kingine ni a media mañana, katikati ya asubuhi. Hiyo ndiyo ile chai ya saa nne ya maofisini kwetu, na kwa Wahispania pia ni muda wa kutoka kidogo kunywa kahawa na kutafuna kitu.

Zikikutana zote mbili

Sasa, ukitaka kusema "kesho asubuhi" unafanyaje? Unasema mañana por la mañana. Ndiyo, neno linarudiwa mara mbili na hakuna anayecheka. La kwanza ni kesho, la pili ni asubuhi.

Ukishaijua hiyo, nyingine zinafuata mkondo uleule:

- Mañana por la tarde. Kesho mchana au jioni.
- Mañana por la noche. Kesho usiku.

Maana ya tatu: El mañana

Hii utaikuta zaidi kwenye hotuba, matangazo na magazeti. Neno linageuka kuwa la kiume, el mañana, na maana yake ni siku zijazo, mustakabali. Pensar en el mañana ni kufikiria maisha ya mbele.

Kwetu hili si geni. Tunaposema "jiwekee akiba kwa ajili ya kesho yako" hatumaanishi siku inayofuata leo. Ni matumizi yale yale.

Kwa nini neno moja libebe vyote?

Chimbuko ni Kilatini. Neno mane lilimaanisha asubuhi, na kutokana nalo kwenye Kilatini cha watu wa kawaida likazaliwa neno la saa za mapema. Mantiki ni rahisi: kesho ni kile kinachokuja asubuhi ikifika. Ukilala na deni, utalikuta asubuhi, na asubuhi hiyo ndiyo kesho yenyewe.

Wahispania hawako peke yao. Mjerumani anatumia Morgen kwa asubuhi na morgen kwa kesho. Kwenye Kiarabu cha mitaani, bukra ni kesho, na asili yake ni asubuhi mapema. Wareno wao waliamua kutenganisha: manhã ni asubuhi, amanhã ni kesho. Ukivuka Ruvuma kuingia Msumbiji utazisikia zote mbili, na wao hawana shida hii.

Mtego mkubwa: Saa

Turudi kwa dereva wetu. Kosa lake halikuwa kwenye mañana. Neno hilo alilielewa vizuri, ni kesho. Kilichomponza ni a las seis.

Wahispania wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapotua. Kwa hiyo seis yao ni sita kwa hesabu ya vidole, lakini kwenye saa yetu ni kumi na mbili. Programu ya kutafsiri inaweza kukupa namba bila kugeuza saa. Hiyo kazi ni yako.

Hii hapa orodha ya kupiga picha ya skrini ubaki nayo:

- Las seis de la mañana: saa 12 asubuhi
- Las ocho de la mañana: saa 2 asubuhi
- Las doce del mediodía: saa 6 mchana
- Las dos de la tarde: saa 8 mchana
- Las seis de la tarde: saa 12 jioni
- Las nueve de la noche: saa 3 usiku
- Las tres de la madrugada: saa 9 usiku

Halafu kuna jambo la pili. Ile meseji ilisema "mañana a las seis" ikaishia hapo. Haikusema ni sita ya asubuhi au ya jioni. Hata Mhispania mwenzake angeweza kuuliza. Swali la kuuliza ni fupi, likariri: ¿De la mañana o de la tarde? Ya asubuhi au ya jioni?

Pale "la mañana" inapokuwa usiku

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hasa wakishika tiketi ya ndege au basi.

Kwa kawaida la mañana ni asubuhi. Lakini ikikaa baada ya saa, inaweza kuanza mara tu usiku wa manane unapopita. Las dos de la mañana sio asubuhi kwa macho yetu, ni saa 8 usiku, watu wamelala fofofo. Wengine watasema las dos de la madrugada. Madrugada ni kile kipande kati ya usiku wa manane na mapambazuko.

Sasa ongeza tarehe. Ukiambiwa safari ni el sábado a las dos de la mañana, huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Maana yake Ijumaa usiku uwe umeshafunga begi na umeshaelekea uwanja wa ndege. Ukijitokeza Jumamosi usiku, ndege ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita.

Na je, mtu akikuambia mañana a las dos de la mañana? Usikisie. Muulize ni siku gani kwa jina.

Asubuhi ya Mhispania ni ndefu

Kitu kingine cha kujua: mañana ya Hispania haikatiki saa sita mchana. Kule wengi wanakula chakula cha mchana kati ya saa 8 na saa 9 kwa saa zetu, na hadi wakati huo unaweza kusikia bado wanasalimiana buenos días. Kwa hiyo mtu akikuambia "nitakuletea mañana por la mañana", anaweza kufika saa 7 mchana na bado akajiona ametimiza ahadi.

Tukiwa kwenye salamu, kuna kosa moja la kuepuka. Kwa kuwa asubuhi ni mañana, mtu anadhani "habari za asubuhi" itakuwa "buena mañana". Hapana, hawasemi hivyo. Salamu ya asubuhi ni buenos días, "siku njema" kwa wingi.

Na kama unapiga simu au unasubiri mechi, kumbuka saa za nchi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Hispania bara iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 1. Miezi mingine iko nyuma kwa saa 2. Mechi ya saa 3 usiku kwa saa za Madrid kwetu inakuwa saa 4 usiku au saa 5 usiku, kulingana na msimu. Jiji la Mexico liko nyuma yetu kwa saa 9. Yaani wao wakianza kazi saa 3 asubuhi, kwako jua linakaribia kutua.

Kila nchi na msemo wake

Kihispania kimesambaa sana, kwa hiyo usishangae ukisikia tofauti:

- Hispania husema por la mañana.
- Nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati husema en la mañana.
- Argentina utasikia a la mañana.

Zote ni "asubuhi" na zote ni sahihi huko zinakotumika. Chagua moja ushikamane nayo. Utaeleweka kote.

Mexico neno hili limezaa watoto wake. Mañanitas, umbo la kudekeza la neno hilo, ndilo jina la wimbo wanaomwimbia mtu siku yake ya kuzaliwa, Las Mañanitas. Na kuna la mañanera, mkutano wa asubuhi wa Rais na waandishi wa habari. Andrés Manuel López Obrador aliufanya karibu kila siku ya kazi baada ya kuingia madarakani Desemba 2018, na mrithi wake Claudia Sheinbaum ameuendeleza. Ukisoma habari za Mexico ukakuta neno hilo, usitafute "kesho". Ni mkutano wa asubuhi.

"Njoo kesho" ya mwaka 1833

Kama umewahi kufuatilia karatasi kwenye ofisi yoyote ukaambiwa "njoo kesho", ukaja kesho ukaambiwa tena "njoo kesho", basi kuna mwandishi wa Hispania mngeelewana sana.

Anaitwa Mariano José de Larra. Januari 1833, akiwa na umri wa miaka 23, alichapisha makala yenye kichwa Vuelva usted mañana, yaani "Rudi kesho" kwa lugha ya heshima. Ndani yake Mfaransa mmoja anafika Hispania na mipango yake mizuri, anadhani siku 15 zitamtosha kumaliza shughuli zote. Kila ofisi, kila fundi, jibu ni lile lile: kesho. Baada ya nusu mwaka anarudi kwao mikono mitupu. Na Larra hajiachi salama. Mwishoni anajigeukia na kukiri kwamba hata yeye ni mvivu.

Makala hayo bado yanatajwa nchini Hispania karibu miaka 200 baadaye, kila urasimu unapowachosha watu.

Ila hapa kuna angalizo. Watu wa nje wamelichukua neno mañana wakalifanya mzaha, kwamba wasemaji wa Kihispania ni wavivu, kila kitu kwao ni kesho. Ukilitumia hivyo mbele ya mgeni, hasa mtu wa Amerika ya Kusini, unamtukana. Larra alikuwa anawasema watu wake mwenyewe, kama wewe unavyoweza kumtania ndugu yako. Mgeni akiingilia utani huo, maneno hayahaya yanakuwa tusi.

Misemo mitatu ya kuondoka nayo

De la noche a la mañana. Neno kwa neno ni "kutoka usiku hadi asubuhi", maana yake ni kwa ghafla, kufumba na kufumbua. Mtu akipata utajiri de la noche a la mañana, majirani wanaanza kuulizana.

Mañana será otro día. Kesho itakuwa siku nyingine. Husemwa mambo yakiwa yamekwama na mtu anaamua kwenda kulala.

No dejes para mañana lo que puedas hacer hoy. Usiache hadi kesho unachoweza kufanya leo. Waswahili tulishasema: linalowezekana leo lisingoje kesho. Ajabu ni kwamba lugha inayochekwa kwa "mañana" ina methali kali hivyo dhidi yake.

Usisahau kile kimkia juu ya n

Ile ñ ni herufi kamili kwenye alfabeti ya Kihispania, sio n iliyopambwa. Zamani waandishi wa mkono waliandika n mbili, kisha kuokoa nafasi wakaanza kuandika moja na kuweka alama juu yake. Kwetu sauti hiyo tunayo tayari, ni "ny" ya nyama na nyumba. Hapa Mswahili ana bahati kuliko wanafunzi wengi wa lugha hii.

Kuiandika kwenye simu janja ni rahisi: bonyeza n, usiachie. Zitatokea alama kadhaa, sogeza kidole hadi kwenye ñ.

Usione ni jambo dogo. Ukiandika "manana" watakuelewa, utaonekana tu una haraka. Lakini jaribu kumtakia mtu heri ya mwaka mpya. Mwaka ni año. Ukisahau kimkia inakuwa ano, na hilo ni tundu la haja kubwa. Tutaishia hapo.

Jipime: sekunde 30

Soma sentensi, jibu kichwani, kisha shuka uangalie.

1. Te llamo mañana.
2. Te llamo por la mañana.
3. Te llamé esta mañana.
4. Te llamo mañana por la mañana.
5. Te llamo pasado mañana.

Majibu: 1. Nitakupigia kesho. 2. Nitakupigia asubuhi. 3. Nilikupigia leo asubuhi. 4. Nitakupigia kesho asubuhi. 5. Nitakupigia keshokutwa.

Umepata zote? Hongera. Umekosa ya pili? Ni ile "la" umeiruka.

Na dereva wetu wa Arusha, angefanyaje? Kabla ya kulala angejibu meseji moja tu, yenye jina la siku na saa ya tarakimu 24: "Mañana, martes, 06:00. ¿Sí?" Kesho, Jumanne, saa 12 asubuhi. Mgeni angejibu "sí", na kukicha gari lingekuwa limeshawashwa.